Deki ya Fisi Si Yangu, Ni ya Marehemu

"Mwalimu ndiye aliyewafufua Fisi. Bila kichwa chake ukoo ule ungebaki takataka." Hayo aliandika kijana mmoja wiki iliyopita kwenye kundi letu la wacheza kadi, na watu wakashangilia. Ni uongo. Nimebishana na watu maisha yangu yote, na safari hii nabisha sifa zangu mwenyewe, maana huyo Mwalimu ni mimi. Admin wa ukurasa huu, nifichie jina. Wanaonijua watanijua tu.

Nina miaka hamsini na mbili, naishi Tunduma. Nilifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, sasa nauza vitabu na madaftari. Anayetaka kucheka mtu mzima kucheza kadi acheke, amalize, tuendelee. Hizi si za kamari. Ni kadi za vita zenye koo za wanyama na maelezo ya Kiingereza, zililetwa hapa na dereva wa lori kutoka upande wa Zambia. Kila mchezaji anapanga deki yake, kadi arobaini, na wengi tunashika ukoo mmoja. Wanaotaka ushindi huchukua Simba au Mamba. Tunacheza Jumamosi mchana, chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja, sisi na Wazambia wanaovuka mpaka kutoka Nakonde.

Fisi alichukuliwa na mtu mmoja tu. Nitamwita Ambakisye, fundi cherehani, mtu wa Mbebe kule Ileje, darasa la saba, Kiingereza chake cha kuokoteza kwa wateja. Alisoma kadi kwa kidole, neno kwa neno, kwa lafudhi ya Kindali ambayo tulimwigiza mbele yake.

Siku moja akaweka mezani Mfalme wa Fisi. Kadi inasema: "Each other Hyena gains one strength."

"Basi hawa wangu watatu wote wanaongezeka nguvu moja moja," akasema.

"Wote kwa lipi?"

"Si imeandikwa, Mwalimu? Kila fisi mwingine."

"Each other ni wao kwa wao, fundi! Wafalme wawili wanapeana. Wewe una mmoja, atapeana na nani, na cherehani yako?"

Chumba kizima kilicheka. Mzambia mmoja akapiga meza: "Ba Ticha, umeua!" Ambakisye naye akacheka. "Haya, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua kusoma." Akashindwa mchezo ule.

Mpaka hapo lilikuwa kosa, na ni kosa letu wengi. Darasani tulikaririshwa kwamba each other ni pendana, saidiana, peana, tukafunga daftari. Lakini siku ya nne, nikiwa dukani napanga kalamu, maneno yale yakanijia yenyewe. Mbele ya maneno hayo kuna jina, Hyena, basi hayashikani. Each, kila. Other Hyena, fisi mwingine. Fundi wa darasa la saba alisoma sawasawa, mimi niliyewafundisha watoto wa watu ndiye niliyekariri. Nikaapa kwamba Jumamosi nitasema. Jumamosi nikaingia, mtu akanivutia kiti: "Ba Ticha, tuamulie hapa." Nikaamua la kwao, la kwangu nikalimeza.

Nililimeza miaka miwili. Ambakisye aliacha kuyaamini macho yake, akatafuta Wafalme wanne ili wapeane kama nilivyosema. Akawa anakaa na mfalme mkononi akingoja wa pili, mezani hana askari, anapigwa kila Jumamosi. Tukamwita Mzee Fisi. Hakubadili ukoo hata siku moja. Kisha akaugua, akafa, tukamzika kwao.

Baada ya matanga mkewe, Mama Tumaini, aliniletea deki ndani ya mfuko ambao marehemu aliushona kwa mabaki ya sare za shule. "Alisema zije kwako. Wewe ndiye unajua kuzisoma."

Sasa sikieni nilichofanya. Nilitoa Wafalme wawili, nikaweka fisi wadogo wanaoingia mezani haraka, nikatangaza kwamba nimegundua maana sahihi ya ile kadi. Nimegundua! Nikaenda nayo mashindano ya Mlowo, nikaangusha Simba wawili na Mamba mmoja mfululizo. Lakini kila nikimweka Mfalme mezani, kidole changu kinatembea chenyewe juu ya maandishi, neno kwa neno, na sauti inayosoma kichwani si yangu. Ina lafudhi ile. Raundi ya mwisho mpinzani wangu akaniinamia: "Mzee, unaongea na nani?"

Habari za Mlowo zilimfikia Mama Tumaini. Akaja dukani, akasimama mlangoni.

"Hongera, Mwalimu. Ni kadi zilezile?"

"Nyingi ni zilezile."

"Basi niambie, yule alikuwa anakosea wapi? Maana alikuwa anazisoma mpaka chakula kinapoa, halafu ananiambia, mke wangu, labda mimi ni mjinga."

Nikamjibu, "Alikuwa na haraka."

Haraka! Mtu aliyepima kola mara tatu kabla ya kukata kitambaa. Mama akaitikia kwa kichwa, akaondoka na jibu hilo, na mpaka leo ndilo alilonalo.

Nikimwambia ukweli, namrudishia mume mwenye akili, na papo hapo namwambia kwamba mume huyo alidhalilishwa miaka miwili na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anamkaribisha chai nyumbani kwake. Nikinyamaza, atazeeka akiamini aliolewa na mjinga.

Vijana wa kadi mtaniandikia kwamba ni mchezo tu. Nyamazeni. Wa kuniambia nimwachie Mungu nao wapite, maana Mungu hakumwambia yule mama neno haraka, nilimwambia mimi. Nawataka wanawake mliofiwa na waume zenu, ninyi peke yenu: mtu kama mimi akisimama mlangoni kwenu na habari kama hii, mngetaka aiseme yote, au mngetaka aondoke nayo? Jibuni leo. Kesho asubuhi anakuja dukani kuchukua madaftari ya Tumaini.