Tundu la Kitambaa

Napiga pasi kitambaa alichofuma mama, na harufu ya uzi uliopata moto inanirudisha sebuleni kwetu Musoma, mbele ya kompyuta aliyoiunga baba kwa vipuri vya mitumba kutoka Sirari.

Baba akiandika barua, ilitulia. Mimi nikicheza mchezo wa ndege, ilizimika na kuwaka upya. Baba alibadilisha waya, akakaza skrubu, mwisho akaapa kuiuza.

“Mama, mbona inazimikaga kwangu tu?”

“Wewe unaichosha.”

Imechokaje? Nikagusa kitambaa cheupe mama alichoifunikia, kama alivyofunika redio na makochi. Kilikuwa cha moto, na nyuma kimeziba feni ya kuipoza. Nikakiondoa, nikacheza mpaka ndege ikatua.

“Skrubu hizo!” baba akashangilia.

Mama alitazama kitambaa mapajani mwangu, akaninong'oneza, “Mwache baba yako afurahi.”

Kesho yake kitambaa kilirudi juu ya kompyuta. Nyuma kilikuwa na tundu la duara, ukingo wake umefumwa upya, saizi ya feni kabisa.

Binti yangu anauliza tundu hili ni la nini. Nalizungushia pasi polepole.