Rula ya Baba Yenye Mikato

Mwezi uliopita nilienda Sosiot kumsaidia mama kupaka nyumba rangi, na nyuma ya kabati nikakuta ile rula ya mbao ya baba. Nilikaa chini papo hapo, brashi mkononi. Mama aliniona, akaiona na rula, halafu akatoka nje kwenda kukamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa.

Sijui kama umewahi kuishi kwenye kampi ya chai, rafiki yangu. Sisi tulikulia huko, upande wa Kericho, kwenye laini za wafanyakazi. Nyumba zilishikana chini ya bati moja refu, na moshi wa jirani uliingia kwenu bila hodi. King'ora cha kiwanda kikilia, mama alikunywa chai yake amesimama, akafunga aproni ya nailoni, akajitwika kikapu, akaenda kuchuma. Baba alishuka upande wa pili, kwenye uwanja wa gofu wa mameneja, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa fimbo zao. Alasiri mvua ya mawe ilipiga bati mpaka hamsikilizani. Jioni tulikula kimyet, ndio ugali wetu, kwa mboga ya managu na maziwa ya mursik yaliyogandishwa, tukigombania ukoko kama watu wasio na adabu.

Karakana yake ilikuwa kibanda kilichonuka gundi na chuma kilichosuguliwa. Alikata fimbo ndefu, akarefusha fupi, akavisha mpira mpya pale pa kushikia. Kila mchezaji ana urefu wake, na fimbo ikikosea kidogo tu, mpira unaenda kulala kwenye majani chai. Kuipima nako si kama kupima kitambaa. Unaisimamisha vile mchezaji atakavyoishika, kichwa cha fimbo kimekalia meza, halafu rula inafuata mgongo wake kutoka kisigino cha kichwa hicho mpaka juu kabisa.

Basi fimbo zikaanza kurudishwa. Moja ndefu, nyingine fupi. Meneja alisema kwa upole, lakini upole wa meneja sisi tuliujua. Nyumbani baba alikuwa ameanza kugonga milango kwa bega na kukanyaga kuku. Tulicheka, naye akacheka na sisi. Siku moja alimsogezea mama ile rula kwenye mwanga wa dirisha, akamwuliza huu mstari ni wa kumi au kumi na moja. Mama hakujua kusoma hata namba. Walitazamana, na kicheko chote cha nyumba ile kikaisha.

Nyumba ya kampi ni ya kazi, unaelewa? Akienda zahanati ya kampuni aandikwe kwamba haoni, kazi imekwisha, nyumba imekwenda nayo, na sisi shule tumeaga. Mama alifikiria wiki nzima, akichuma huku anafikiria. Kisha akamwambia, "Mimi sichumi kwa macho. Naongea na wenzangu, natazama mbele, kidole chenyewe kinajua jani changa na jani kuukuu. Hata wewe, fundisha kidole."

Ai, baba alivyofurahi! Jumapili hiyo hata kanisani hakwenda. Alichukua tupa akakata mikato pembeni mwa rula, mkato mfupi kwa kila inchi, mrefu pale fimbo za kawaida zinapoishia. Chini akafunga kipande cha chuma kilichoinama, kisigino cha fimbo kikae bila kuteleza. Juu akavisha pete ya bati inayotembea, ikigusa mwisho wa mpira wa kushikia inasimama. Baada ya hapo ni ukucha tu, trr, trr, trr, na jibu limepatikana. Fimbo hazikurudi tena. Wachezaji wakamsifu kwamba mkono wake umetulia kuliko zamani. Mama alichinja jogoo.

Hapo ndipo moyo unaniuma mpaka leo. Kama rula ile isingefanya kazi vizuri hivyo, wangemfukuza mapema, na pengine angekwenda kutibiwa mapema. Lakini ilifanya kazi. Miaka ikapita, sisi tukamaliza shule, na alipostaafu tukampeleka hospitali, daktari akasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Angeletwa mwanzoni, matone tu yangemtosha. Baba alisema si kitu, watoto wamesoma. Usiku tulimsikia mama akilia jikoni, na mpaka baba anazikwa hakuna aliyethubutu kumwambia kosa halikuwa lake, maana angejua kwamba tumelifikiria.

Sasa kule kampini mashine ndizo zinazochuma. Laini zetu zimebomolewa, uwanja umeota nyasi za kufika magotini, na kilipokuwa kibanda cha baba pamebaki sakafu ya simiti ambapo mbuzi wanaota jua. Nilipita hapo nikatafuta hata harufu, sikuipata.

Daktari yule alituambia pia kwamba ugonjwa ule hutembea katika damu. Kwa hiyo kila mwaka mama hunipeleka mjini kupimwa, mtu mzima mimi, mwenye watoto. Hukaa nyuma yangu, mkoba mapajani, akinisikiliza nikizitaja herufi za ukutani moja moja mpaka chini kabisa. Hazijui, lakini anajua sauti ya mtu asiyesita.

Safari hii mstari wa chini sikuuona. Niliona weupe tu. Nikataja herufi zozote zilizonijia, haraka haraka, bila kusita. Daktari akanigeukia, nami nikamwomba kwa macho anyamaze. Alininong'oneza baadaye, na matone ninayo, nayatumia kila siku nikiwa kazini mama asiyaone. Lakini pale chumbani, nilipofika mwisho, mama alishusha pumzi, akasimama, akasema sasa twende tukanywe chai.