Amina Niliyoitikia

Wali wa ibada ile niliupika mimi, na nyama niliikata mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu kuhusu chakula. Kwa mengine yote ninaye.

Kaka yangu alikuwa mpanda michikichi. Alikuwa akikata ngazi, yale mashada tunayokamulia mawese, katika shamba la tajiri mmoja upande wa Kigwena. Mpandaji hujifunga yeye na mti kwa kamba moja nene, na kamba hiyo ndiyo uhai wake. Ya kaka ilikuwa imeanza kufumuka. Alimwambia tajiri mara tatu, na mara ya tatu nilikuwapo, nimempelekea chakula. Tajiri alimshika bega.

"Panda tu, kijana yangu. Mungu atakulinda."

Tajiri na sisi tulisali kanisa moja hapa Rumonge, yeye benchi la mbele, sisi tuliotoka Kivu ya Kusini karibu na mlango. Maneno hayo tulikuwa tunapeana kila siku: mtu akiingia ziwani, mtoto akienda shule, mama akienda kujifungua. Hata mimi nimeyasema mara nyingi, na kila nilipoyasema nilikuwa natoa nilichokuwa nacho, kwa kuwa sikuwa na kingine. Yeye alikuwa na duka, na dukani kamba mpya zilining'inia mlangoni. Kinywani mwake maneno yale yalimaanisha rudi kazini. Kaka aliyaelewa hivyo hivyo, akapanda. Wiki ile ile kamba ikakatika.

Hakufa. Alivunjika nyonga. Daktari alituambia apelekwe Bujumbura akapasuliwe, tena upesi, mfupa usije ukajiunga vibaya. Sisi uwezo huo hatukuwa nao, tukakaa tukimngoja tajiri. Alikuja siku ya nne, na mchungaji wetu, na kreti mbili za soda nyuma ya pikipiki.

"Amahoro, dada," aliniambia. "Kifo kilikuwa karibu, Mungu akakataa. Tufanye ibada ya shukrani. Kila kitu iko juu yangu."

"Na Bujumbura?"

"Tuanze kwa Mungu," alidakia mchungaji. "Ingine itafuata."

Ibada ya shukrani kwetu si sala tu. Aliyeponea husema mbele ya watu kwamba anashukuru na hana neno na mtu, na wote waliopo huitikia Amina. Baada ya hapo jambo limekwisha. Atakayelirudia ataambiwa anamdai Mungu. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Sote tunaijua, na tajiri aliijua kuliko sote.

Nilimsihi kaka aseme habari ya kamba. Alinitazama kutoka pale kwenye godoro, uso umejaa jasho.

"Niko hai, dada. Nikikataa kushukuru, nitakuwa mutu gani?"

Jirani yetu ni mama Mwislamu mwenye ulimi mkali, anakaanga maandazi mbele ya nyumba yake. Alinikuta nachambua mchele.

"Sasa uko unapika nini? Mazishi ya kesi yenu?"

Nikamwambia kupika nitapika, lakini Amina sitaitikia. Nitafunga mdomo, na Mungu anaona moyo.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mungu anaona moyo. Tajiri anaona nani alikuwa ndani. Kama hautaki, utoke inje."

Nilimwona mchokozi. Nikawaza, huyu wa dini nyingine ndiye wa kunifundisha Amina? Ndivyo nilivyowaza, na sitajisafisha hapa.

Siku yenyewe turubai lilifungwa uani, viti vikapangwa, kaka akaegemezwa mito. Kwaya iliimba mpaka nikaichukia. Tajiri alitoa ushuhuda mrefu kuhusu kaka yangu, jinsi alivyodakwa na mkono wa Mungu katikati ya hewa, na kamba hakuitaja. Kama mkono wa Mungu ulimdaka, nilitaka kuuliza, nyonga ilivunjwa na nani? Nikaendelea kugawa nyama.

Mchungaji akamwinamia kaka. "Ndugu, uko na neno na mutu?"

"Sina neno na mutu," alisema kaka. "Ninashukuru Mungu."

Jirani alikuwa ameshanyanyuka. Alichukua sahani yake, akapita katikati ya viti na wali wake, akatoka bila kuaga. Wanakwaya wakamtazama kwa dharau. Mchungaji akainua mkono.

"Na watu wote waseme?"

Nilikuwa nimesimama na sufuria, nimeuma meno. Lakini swali hilo nimeulizwa kila Jumapili tangu sijaota meno yenyewe, na mdomo wangu haukuningoja. "Amina!" Ilitoka kubwa, maana mimi ni mtu wa sauti. Nilijisikia mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nilikwenda dukani kwa tajiri kuuliza habari za Bujumbura. Alinitazama kwa upole, upole ule unaonifanya nitamani kumpiga mtu.

"Dada, ile jambo tulishafunga. Wewe mwenyewe uliitikia. Nilikusikia."

"Niliitikia tu. Sikumaanisha."

Mwanamume mmoja wa kanisani kwetu alikuwa pale akinunua misumari. Akatikisa kichwa. "Amina haiko hivyo, mama," alisema, na alikuwa anasema kweli, ndiyo maana nilimtukana.

Nilitaka Amina yangu iwe yangu peke yangu, ibebe nilichokuwa nimekificha moyoni. Lakini neno lile sikulitunga mimi. Nililikuta kwa watu, nikalichukua kwa watu, na watu ndio wanaojua siku ile uani lilifanya kazi gani. Namchukia tajiri kwa kulijua hilo kabla yangu. Jirani yeye alikwenda akasimama mbele ya duka, akamwita mwizi wa miguu ya watu, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha, kwa kuwa hakuitikia. Ila aliyelala kwenye godoro hakuwa kaka yake.

Mfupa ulijiunga, vibaya, kama tulivyoambiwa. Kaka sasa anatembea kwa magongo mawili, na siku za mvua hatembei kabisa. Hasira hana, na hilo nalo linanikasirisha.

Tangu siku ile siitikii tena. Kanisani nakaa kimya, na nyumbani vilevile. Tuko wawili tu. Kila tukikaa kula kaka anaombea chakula, polepole, anaombea nyumba, ananiombea mimi, anamwombea mpaka tajiri, halafu ananyamaza akiningoja. Namwacha angoje. Chakula kinapoa. Mwisho anaitikia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kisha ananisogezea sahani yangu kwanza.