Shibiri ya Mama na Shibiri Yangu

Biashara ya mitumba inakufundisha kuona kasoro kabla hujaiona nguo. Pale Mikumi, kando ya barabara kuu, nikifungua belo najua mapema koti lipi lina zipu iliyokufa na suruali ipi imeliwa na panya huko ilikotoka. Kasoro ndiyo inayonilisha. Nikinunua naitangaza kwa sauti, nikiuza nakunja nguo ili iingie ndani. Madereva wa malori wananijua, ndiyo maana kila koti wanalifungua upya mbele yangu. Wakiuliza mzigo umetoka wapi nasema Ulaya, na sidanganyi sana, kwa sababu basi linaloniletea mzigo kutoka Kilosa linapita kijiji kinachoitwa Ulaya.

Sasa mtu wa namna hiyo ashike sindano kwa mara ya kwanza akiwa na mvi. Unategemea nini?

Ilianzia kwenye mkono wa mama. Kabla ya masika, kiharusi kilimpata akiwa anachambua mchele nyumbani kwake Kilosa. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi, tena kwa wingi. Mkono wa kulia ukabaki mapajani, mzito, na wa baridi muda wote hata jua likiwa kali. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kikapu cha vipande vya kanga, zake zilizochakaa na za dada zake waliotangulia, alivyokuwa akiviunga kuwa blanketi la viraka. Alikuwa amefika karibu nusu. Alichotaka ni kimoja tu: kipupwe kikiingia, ajifunike lile.

Nilimpelekea mablanketi mawili kutoka kibandani kwangu, mazito, hayana hata tundu. Akayapapasa kwa mkono mzima, akampa dada yangu.

"Haya yana harufu ya watu nisiowajua."

Nikaenda kwa fundi cherehani sokoni. Tulipatana haraka mpaka nikaingiwa na wasiwasi kwamba nimepigwa. Kisha akainua kanga moja kuelekea kwenye mwanga, akanirudishia. "Kaka, hizi cherehani itazitafuna. Zimekuwa kama utando wa buibui. Hizi ni za mkono."

Dada yangu, ambaye ndiye aliyekaa na mama, alikuwa na shamba la mahindi na mvua ilishaanza. Akanisukumia kikapu.

"Wewe ukija hapa kazi yako kula na kubishana na muuza samaki. Shona."

"Dada, mimi mwanaume."

"Na fundi wa sokoni ni nani, shangazi yako?"

Basi nikawa kila wiki nafunga kibanda siku ambayo biashara imelala, napanda basi. Nikifika: "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Nawa mikono, kanga hizi hazitaki grisi za Mikumi." Nakaa kwenye mkeka barazani, yeye kwenye kiti cha kamba, mvua inapiga bati, na kati ya mvua na mvua harufu ya majani mabichi inaingia mpaka kwenye chai. Siku hizi sina sababu ya kupanda basi lile kila wiki. Likipita hapa kibandani bado huwa nalitazama mpaka lipotee.

Vipande havikutosha, ikabidi nikate vingine kutoka kwenye kanga zilizobaki. Mama hakuwa mtu wa futikamba. Kipimo chake kilikuwa shibiri: unatanua kiganja juu ya kitambaa, kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, unatia alama kwa ukucha, unakata.

"Shibiri kwa shibiri," alinielekeza. "Usiongeze, usipunguze."

Mimi huyo, ninayehesabu chenji mara mbili hata nikipewa na mke wangu, nilipima kila kipande mara mbili, nikakata, halafu nikakipima tena. Sawasawa vyote. Nikavipanga kwa mafungu kama soksi za mnada, nikajiona mtu.

Kisha nikaanza kuviunga na vya mama.

Safu ya kwanza ilinikatalia. Kipande cha mama kilipofika mwisho, changu bado kilikuwa na safari. Nikadhani nimekivuta. Nikafumua kwa wembe, nikapima vyangu upya, viko sawa. Nikashona, vikazidi tena. Nikaikusanya ile ziada kwa mikunjo midogo midogo, nikaendelea, nikishuku kwamba kanga za mama zimesinyaa kwenye kikapu. Nilikuwa na safu tatu za marinda hayo wakati dada aliporudi shambani, akasimama na jembe begani.

"Unapimia mkono wa nani?"

"Wangu."

"Na vile vya mama vilipimiwa mkono wa nani?"

Alicheka mpaka akaweka jembe chini. Mama hakucheka. Aliniambia niuchukue mkono wake wa kulia, nikauweka juu ya wangu, kiganja kwa kiganja. Ncha za vidole vyake ziliishia kwenye viungo vyangu vya mwisho. Mkono ule ulinichapa sana utotoni, na miaka yote niliamini una upana wa ungo.

"Vilivyobaki vipunguze," alisema. "Ulivyokwisha kushona viache na mikunjo yake. Vitanikwaza nini?"

Lilikuwa neno la haki. Lakini zile safu tatu zilikuwa zinanitazama. Nikizikunja, naziona. Nikizifunika kwa kanga, naziona zaidi. Kama ni mali ya mtu mwingine ningeipunguza bei mpaka muuzaji alie. Wiki iliyofuata nikaanza kufumua. Nikishona safu moja mpya, nafumua moja ya zamani, na mpya nayo nikiitazama vizuri naiona inapinda. Mvua zikakatika, mahindi ya dada yakavunwa, blanketi likabaki nusu kama nilivyolikuta. Siku moja mama alimwambia dada kitu kwa Kisagara cha kwetu, kwa sauti ya kutaka nisikie. Alisema mwanawe anapanda huku akirudi nyuma kufukua mbegu.

Asubuhi za Kilosa zikaanza kuwa na ubaridi. Mama akawa anauweka ule mkono kwapani, na kuusugua kwa mwingine huku anaongea.

Ndipo wembe ukateleza. Kipande chenyewe kilikuwa cha rangi ya ugoro, kimekwisha kabisa, na ndicho pekee ambacho mama alikuwa amenionyesha kwa kidole: mbeleko aliyotubebea, dada kwanza, kisha mimi. Kilichanika katikati, kwa sauti ndogo tu. Nilibaki nimekishika. Nilitegemea kelele za mama.

"Nitatafuta kanga ya rangi hii," nilisema. "Mikumi napata kila kitu."

"Utaipata mbeleko yako kwenye belo?"

Nikazikutanisha kingo zilizochanika kwa vidole.

"Sikiliza, baba. Kila ukifumua, kitambaa kinapungua. Mwisho utaniletea uzi nijifunike. Nani alikwambia tunaliuza?" Akauinua ule mkono kwa mkono mzima, akaniwekea gotini. "Shika. Umesikia ulivyo?"

Ulikuwa kama kitu kilichotolewa mtungini.

Nilirudisha wembe ndani. Nikaiziba ile mbeleko kwa kiraka kilichokatwa kwenye pindo la kanga nyingine, hakikufanana nayo hata kwa mbali, na kikakaa upande. Dada alikitazama akasema kinafanana na mimi. Nikashona. Mshono ukipinda, unaondoka umepinda. Kipande kikizidi, nakikunja. Katikati tukaweka blanketi kuukuu la marehemu baba, chini shuka, nikapiga bandi, ule mshono wa muda, na kushona kupitia tabaka zote tatu mpaka vidole vikaota sugu. Nilipomaliza sikulitandaza kulikagua. Nikikumbuka vizuri, nililikunja haraka kama ninavyokunja koti lenye tundu, nikampelekea kitandani.

Asubuhi nilimkuta ameshaketi, blanketi mabegani, na nikaona amelipindua. Upande niliokusudia ukae kichwani, ule wake wenye vipande vilivyokaa sawa, ulikuwa miguuni. Upande wangu ulikuwa umezungushwa kwenye mkono wa kulia.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba. Upande wangu mwepesi," alisema. "Huku kwako umejaza kitambaa mpaka kuna joto." Akakibonyeza kirundo kimoja cha mikunjo, akakitafuta kingine. "Na hapa ulikuwa na usingizi?"

"Hapo nilikuwa nabishana na dada."

"Nilijua," akasema, akauingiza mkono ndani zaidi.