Mashine Yetu na Mashine ya Shemeji

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga kelele, na nasema hivyo kwa fahari. Nilisimama mlangoni kwenye mashine ya kusaga, karibu na soko dogo la mtaa wetu hapa Kamina, nikiwaita wanawake waliopanga beseni zao barazani: "Mwenye kufwata!" Mwenye zamu aliinua mahindi yake akaingia, nami nilihakikisha hakuna mjanja anayepenya pembeni. Nililipwa kila mwisho wa mwezi, mimi niliyekuwa nimekaa nyumbani na diploma yangu mpaka nikachukia hata kuulizwa hali.

Baba, mwalimu wa shule ya kanisa, hakupenda. Kwa nyumba kama yetu, mtoto aliyesoma anakaa mezani, na meza yenyewe iwe ya serikali. "Nilikusomesha juu ya kupigia bamama makelele mu bunga?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba ofisi zote alizonitajia zilikuwa na meza, ila kila meza ilikuwa na mpwa wa mtu. Alicheka puani, akarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wake.

Mwenye mashine alikuwa Mwislamu, wa familia zile ambazo mababu zao walishuka kutoka Maniema na biashara zao. Tulimwita Mama tu. Aliuza chumvi na samaki wakavu wa Bukama miaka mingi, kisha akanunua mota ya mazutu, yaani ya dizeli, iliyokuja kwa treni, akatuajiri: mimi mlangoni, fundi wa mota ndani, na wanawake wa kuchekecha na kufagia. Kwa kila mmoja wetu kulikuwa na nyumba nzima iliyokula kwa ile mota. Ikikohoa, wote tulishika vifua.

Lazima nieleze jambo moja hapa, maana yote yaliyotokea yamekaa juu yake. Bukari, ugali wa kwetu, haianzi jikoni. Mwanamke analoweka mahindi nyumbani, anayaosha, anayatandaza mpaka maji yachuruzike, ndipo anayaleta mashineni yangali na unyevu. Huyu analoweka kidogo tu, yule anangoja mpaka uchachu utokee, mwingine anachanganya na muhogo. Kila mmoja anayafuata mahindi yake hadi kwenye mdomo wa mashine, anasimama kwenye vumbi, na kupokea unga wake mwenyewe ungali wa moto. Mpe unga wa jirani, hata uwe mweupe kuliko wake, atakutazama kama umempa mtoto wa mwingine anyonyeshe.

Kiangazi kimoja ukuta wa matofali ukaanza kupanda ng'ambo ya barabara. Tukasikia ni mashine ya umeme. Tukasikia tena kuwa mwenyewe ni shemeji wa mkubwa mmoja wa jimbo, kijana aliyekulia Lubumbashi. Transfoma ilifika kabla ya paa, na sisi mtaa mzima tulikuwa tumeiomba mpaka tukachoka kuomba.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na fanfare ya matarumbeta, fulana za bure na utepe wa kukata. Shemeji alisema vijana wa mtaa watapata kazi. Vijana wakapanga foleni kwenye jua, na kati yao alikuwa rafiki yangu wa darasani, diploma yake ndani ya mfuko wa plastiki, nywele amesuka upya. Niliona alivyosimama pale tangu asubuhi. Mwishowe waliochukuliwa walikuwa wale walioshuka kwenye gari pamoja na shemeji, na fundi mmoja tu aliyeijua mashine. Rafiki yangu alipita kwetu akanisalimu, akaenda zake.

Nilikasirika, na papo hapo nikachangamka. Jamani, jinsi tulivyochangamka! Mama, ambaye tangu zamani alisema baraza litaezekwa "kesho", aliliezeka wiki ileile. Akaweka mabenchi. Akanunua chekeche la pili na kuajiri wanawake wengine wawili wa kulishughulikia, hivyo mashine ya ng'ambo ikawa imewapa watu kazi kwetu kabla haijawapa kwao. Wao wakashusha bei, sisi tukashusha. Wao wakaleta spika na muziki, mimi nilikuwa na koo langu peke yake, na wanawake walivunjika mbavu waliponisikia nikishindana na gitaa. Umeme ukikatika wateja walikuja kwetu, mota yetu ikizima walivuka kwao. Nilifika kazini kabla ya kuitwa. Sijawahi kuupenda mtaa wetu kama miezi ile.

Shemeji ndiye aliyechoka kwanza. Asubuhi moja tulikuta mlango wetu umepigwa lakiri na utepe umepita juu ya kufuli. Inspekta wa komine, ofisi ya serikali ya mji, alikuwa amesimama pale na shati lililopigwa pasi vizuri. Alisema mashine yetu ina kelele na vumbi karibu na makazi ya watu.

"Na ile ya kule?" Mama akamuuliza.

"Ile iko na papier, mama."

"Yetu pia iko nayo." Akaitoa karatasi ya ruhusa ndani ya kitenge chake. Inspekta hakuitazama hata kidogo, akapanda pikipiki yake.

Wale wanawake wawili wapya walikuwa ndio kwanza wanazoea kupokea mshahara. Na foleni ilikuwa inafika, beseni juu ya vichwa, mahindi yamelowekwa tayari. Mahindi ya namna hiyo hayangoji inspekta. Yasiposagwa siku ileile yanaharibika.

Wanawake wa foleni wakavuka barabara, kwani wangefanya nini? Nami nikafuata nione. Kule shemeji alikuwa ameweka utaratibu mpya. Hakupenda mashine yake ya haraka isimame kungoja beseni moja moja, basi akaamuru kila mtu amwage mahindi yake kwenye rundo moja, apite mlango wa pili na kupewa unga uliokwisha kusagwa. Kwa mtu aliyekulia unga wa mfuko wa dukani, huo ulikuwa ujanja mkubwa. Yeye hakuwahi kusimama kwenye vumbi la mashine maishani mwake.

Mwanamke wa mbele alilitazama rundo. "Bunga yangu itatokea wapi?"

"Bunga ni bunga, mama," akasema shemeji.

"Iyo ni ya kwako. Ya minyi ingali mu beseni," akajibu akijigusa kifua.

Hakuna aliyemwaga hata punje. Walisimama pale na beseni zao, hawana pa kwenda, na mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, nikaifanya. Nilielekeza mkono kwenye barabara ya ofisi ya komine, kule utepe ulikotoka, nikaita kwa sauti yangu yote: "Mwenye kufwata!"

Wakanifuata. Tuliingia koridoni kwa zamu, kila mmoja mahali pake, beseni zikapangwa ukutani toka mlangoni hadi dirisha la mwisho. Karani akauliza tunataka nini.

"Tunakuya kusagisha," akajibu yule wa mbele. "Mulifunga mashini, basi musage banyinyi."

Walitutisha, wakatubembeleza, wakaenda kumtafuta mkubwa wa ofisi ambaye ghafla hakuwepo. Jua lilipopanda, mahindi yakaanza kunuka. Wenye mahindi ya uchachu ndio waliotusaidia zaidi, Mungu awabariki. Makarani walishika pua, na mmoja akahamisha meza yake nje. Ndipo nikamwona baba yangu akiingia na tai yake shingoni, beseni la mahindi ya nyumba yetu ameliweka begani, maji yakimchuruzikia kwenye koti. Nilidhani amekuja kunikokota kurudi nyumbani. Akasalimu kwa heshima, akaliweka beseni mwisho wa mstari, akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama yuko kanisani.

"Mama yako alinituma," akaniambia. "Bukari ya leo iko humu."

Alasiri inspekta aliurarua ule utepe kwa mkono wake. Tulisaga mpaka jua likazama, baba naye akangoja zamu yake, akarudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Kuanzia siku ile hakunitajia tena ofisi yoyote.

Mwaka uliofuata yule mkubwa wa jimbo akapoteza kiti chake. Kilichotokea ng'ambo kilitushangaza kwa haraka yake. Watu wa umeme waliokuwa hawajawahi kumdai shemeji kitu walianza kumdai, transfoma ikashushwa, naye akaondoka kwa gari lilelile na watu wake walewale. Alibaki yule fundi wa mashine yake tu. Mimi nilipiga vigelegele mlangoni. Mama akaninyamazisha.

"Unashangilia nini? Nyumba ya kazi inakufa, weye unacheza."

Fundi hakulala. Alikubaliana na mwenye kiwanja, akatafuta mota kuukuu ya mazutu, akawachukua baadhi ya wale vijana waliokuwa wamekataliwa siku ya fanfare. Beseni moja moja, kila mtu na unga wake. Mlangoni akamweka rafiki yangu wa darasani. Siku ya kwanza alinipungia mkono kutoka ule upande, unga mpaka kwenye kope, nami nikapunga mpaka bega likauma. Mkanda wa mota yao ulipokatika, Mama aliwapelekea wa kwetu wa akiba.

"Mama, tunawapa nguvu batushinde?" nikamuuliza.

"Kama bo kule banakufa, minyi nitalala," akasema. "Unakumbuka baraza yetu ilingoja kesho ngapi?"

Basi siku moja inspekta akarudi, shati lilelile lililopigwa pasi, mkoba kwapani. Safari hii alikuwa na tabasamu. Alimwambia Mama kuwa wakubwa wapya wamesikia habari zake, wanampenda, na wangefurahi awe rafiki yao. Mtaa mdogo kama huu, mashine moja inatosha. Ile ya kule, akasema akigusa mkoba, inaweza kufungwa leo leo.

Nilielewa mara moja. Beseni zote za mtaa zingekuwa zetu. Na rafiki yangu angerudi nyumbani kutazamana na diploma yake. Nikamtazama Mama. Alijifuta unga usoni taratibu.

"Minyi niko na kazi," akasema. "Mulango iko na mwenyewe." Akanionyesha mimi, akaingia ndani kwenye mota.

Nikasimama katikati ya mlango. "Patron, upange mulongo."

Akacheka, akidhani ni utani. Wanawake hawakucheka. Wengi walikuwa walewale wa koridoni, na walisogea wakamwachia nafasi mwisho wa benchi. Akakaa, mkoba magotini. Nikaita zamu moja baada ya nyingine, bila haraka, na kila nilipoita alisogea kidogo, mpaka akabaki yeye mbele.

"Mwenye kufwata!"

Akasimama.

"Mahindi yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Sikuleta mahindi, nilikuya juu ya..."

"Hapa tunasaga mahindi, patron."

Alimtafuta Mama kwa macho, akaona mgongo wake tu, umeinamia mashine. Akaweka mkoba kwapani na kuondoka. Ng'ambo ya barabara rafiki yangu alikuwa akiita "Mwenye kufwata!", neno langu kabisa, ameniibia mchana kweupe. Mwanamke mmoja wa kwetu akageuza shingo kutazama foleni yao. Nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu kuliko yeye.