Mavyaa Alivyokunywa Kiingereza

Vita vilipowaka kule Umatumbi, askari wa Mdachi, Mjerumani, walikuwa wanachukua wanaume wa Kivinje kwenda kubeba mizigo. Aliyekuwa na karatasi ya kazi ya tajiri aliachwa. Tajiri mmoja Mhindi alitaka watu wawili wa kumsomea makasha yaliyotoka Unguja, yameandikwa Kiingereza. Mume wangu, ambaye hata barua ya posa yangu aliandikiwa na mtu, akasema kazi hiyo ni yake.

Tajiri akampa maneno ya kujifunza kwa siku tatu, kisha amfanyie mtihani. Karatasi hatukuwa nayo, basi bwana wangu akachukua sahani yangu nyeupe na zafarani yangu ya pilau, bila hata kuniuliza, akaenda kuyanakili dukani kwa tajiri. Kutwa alikuwa anaimba barazani: tea ni chai, eat ni kula, ate ni alikula; net ni wavu, ten ni kumi. Kila fungu herufi zilezile tatu, zinabadilishana nafasi tu. Mimi natwanga, namsikiliza, na kila nikipita naitupia sahani jicho. Kaka yangu, tuliyekuwa tunakaa naye, alikuwa hoi kwa kicheko.

"Shemeji, chai yako hiyo mbona haichemki?"

Nikamwambia naye ajifunze, nafasi ni mbili.

"Dada, mimi nikitaka kula nakula. Sihitaji herufi."

Nikacheka naye, nikaendelea kutwanga.

Ndani, mavyaa, yaani mamake mume wangu, alikuwa na homa. Alikuwa anamngoja mwalimu wa chuo cha Kurani amletee kombe: aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Asubuhi ya mtihani akaiona sahani ya mwanawe mlangoni. Akamimina maji ya waridi, akasema bismillahi, akanywa Kiingereza chote. Hakubakisha hata herufi moja.

Mume wangu alipoiona sahani inang'aa, alijaribu kuimba, hata tea ikampotea. Kichwani hamkuwa na kitu. Nikamkalisha chini, nikachukua mkaa, nikamwandikia yote sakafuni.

"Umeyajua lini haya?"

"Tangu siku ya kwanza. Wewe ulikuwa unaimba, mimi nilikuwa nasoma."

Alasiri alirudi na karatasi ya kazi. Mavyaa alikuwa ameketi kitako, homa imemwacha, anakunywa uji na kumsifu mwalimu. Mimi na mume wangu tukakimbilia jikoni kucheka. Hatukumwambia kamwe.

Kesho yake askari wakafika. Mume wangu akaonyesha karatasi. Kaka yangu hakuwa na cha kuonyesha, wakamfunga kamba pamoja na wenzake. Alipofika njiani aligeuka mara moja.

"Dada, niwekee chakula."

Nilimwekea siku nyingi. Mpaka leo sijui amezikwa wapi. Inaniuma kwamba mume wangu nilimkalisha chini, na yeye sikumkalisha.