Kibodi ya Manila na Wasifu wa Baba Mutheu

Aibu hii sikusukumiwa na mtu, niliitafuta mwenyewe nikaipata, na mpaka leo nikimwona Mama Mutheu hapa Makadara navuka barabara.

Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya kompyuta kule Donholm, kompyuta mbili wanafunzi arobaini, kwa hivyo wengi wetu tulijifunzia kwenye kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ya manila (msicheke, cheti nilipewa), tukikariri Control na A kuchagua yote, Control na P kuchapisha, Alt na F4 kufunga, vidole vimelala juu ya manila maana manila haina neno. Mamangu akatangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni mtaalamu.

Basi Ijumaa moja, siku moja kabla ya kumzika Baba Mutheu, mchonga vinyago, nikaitwa ofisi ya kanisa kuchapisha wasifu wake wa kusomwa kaburini. Sista Wanjiru, karani wa kanisa, alikuwa ameupiga chapa siku mbili mjane akimsimulia. Akanipisha kitini, akanisogezea mausi, nami nikaisukuma kando.

"Sista, hiyo ni ya wanaoanza," nikamwambia, na kamati ya mazishi, pamoja na mamangu na mjane, ikasogea kutazama.

Control na A, maandishi yote yakageuka rangi. Kidole gumba kikalala pale kilipozoea kulala, kwenye kile kitufe kirefu cha chini, na ukurasa ukawa mweupe. Hapo ningemwita Sista tu, lakini nikajiambia nikifunga na kufungua yatarudi, nikabonyeza Alt na F4, mashine ikaniuliza kama ihifadhi mabadiliko (manila haikuwahi kuniuliza kitu), nikajibu Enter. Tulipofungua tena, palikuwa peupe vilevile. Mamangu akaangalia sakafu.

Sista akaketi aanze upya, kwa sababu mimi hata kupiga chapa sikujua, na hilo nalo kila mtu akaliona. Mama Mutheu akasimulia tena tangu mwanzo. Alipofika pale mumewe alipomchongea kigoda kabla hawajaoana, sehemu niliyokuwa nimeisoma kwa macho yangu mwenyewe, akamshika Sista mkono.

"Hiyo iache tu, Sista," akasema. "Nimechoka."

Kesho yake kaburini watu wakasikia alikozaliwa, alikofanya kazi na watoto aliowaacha. Habari ya kigoda hakuna aliyeisikia. Mama Mutheu hajawahi kuniambia neno baya, na hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi penye kazi ya mtu nashika mausi, kidole gumba nimekikunja, na nisichokijua nasema sikijui.